Kocha wa Wanne Wanne

Saa tisa alasiri mjini Garissa, wakati hata mijusi wamejificha chini ya mawe, ndiyo saa Kocha aliyoichagua kutufundisha mpira. Wallahi tulimlaani. Mchanga ulikuwa unachoma nyayo kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuambiwa akimbie, maana kusimama ni kuungua. Ukimlalamikia anakutazama juu hadi chini. "Jua ni lako, waryaa," anasema. "Hao wa ng'ambo ya mto hawalijui. Lizoee." Waryaa ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume kwetu, na yeye alituita hivyo sote. Mpaka leo sina hakika kama alijua majina yetu.

Tuseme ukweli, saa ile hakuichagua. Vita vilikuwa katika mwaka wa tatu. Waliochukua bunduki wakitaka eneo letu lijitenge na Kenya serikali iliwaita shifta, na sisi wa mjini, ambao bunduki tuliziona mabegani mwa askari tu, tuliitwa hivyo hivyo kila askari alipoamka vibaya. Kafyu ilianza jua likizama. Filimbi ilikatazwa kwa sababu inaweza kuwa ishara, kwa hiyo Kocha alipiga makofi, na makofi yake yalisikika mpaka sokoni kwa wauza mbuzi. Zaidi ya yote, watu kukusanyika kulikuwa kosa. Wanne, sawa. Watano, askari anakuja kuuliza mna kikao gani. Sasa fikiria vijana kumi na mmoja wanakimbia pamoja huku mwanamume mmoja anawapigia kelele za amri! Hiyo ingeitwa nini, kama si jeshi?

Basi Kocha akatufundisha wanne wanne. Wanne wa kwanza wanaingia uwanjani, Kocha amekaa kando asihesabiwe wa tano, wengine tumekaa mbalimbali, huyu kibarazani kwa fundi viatu, yule kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, wengine wanajifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea. Makofi matatu, wanne wanatoka, wanne wengine wanaingia. Hivyo kila mmoja wetu alimjua mwenzake kwa wanne tu: pasi fupi, pasi fupi, ondoka, rudi. Timu nzima ilikutana siku ya mechi pekee, na kwa kibali. Mimi nilikuwa beki wa kulia, na mwaka mzima wa kwanza, kibali kikiwa hakijatoka hata mara moja, sikuwahi kumwona mshambuliaji wetu wa kati akicheza. Nilisikia sifa zake tu, kama za bibi harusi.

Miaka mingi baadaye, Kocha akiwa amekwisha kuwa mtu mkubwa huko Nairobi, na kabati lake limejaa vikombe, makocha wa kizungu walikuja kutazama mazoezi yake. Uwanja mzima upo wazi, wachezaji ishirini na wawili wapo, naye anawaingiza wanne wanne. Wakaandika kwenye madaftari. Mmoja akamuuliza mbinu hiyo ya kisasa aliisomea wapi. "Kwa polisi," akajibu Kocha. Yule mzungu akaandika na hilo.

Kabla ya kuwa Kocha alikuwa amecheza Mombasa, na kwa mshahara. Jambo hilo wazee wetu hawakulielewa hata kidogo. Babu yangu alimwuliza mara tatu kikao kimoja. "Yaani walikuwa wanakulipa ufukuze kile kitu?" "Ndiyo, Awowe." "Na ukikipata?" "Nakipa mwingine, Awowe." Babu akashika tama. Akasema huko pwani kuna watu wana mali ya kuchezea kwelikweli.

Alikuwa winga wa kushoto, na waliomwona walisema alikuwa akimpita beki halafu anamngoja, ampite tena. Kisha goti likaenda. Yeye hakuwahi kusimulia lilivyoenda. Alirudi kwetu na mguu unaochechemea, jozi moja ya viatu vya mpira alivyovitundika msumarini asimruhusu mtu hata kuvigusa, na tabia za pwani ambazo hatukumwachia zipite hivihivi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, laini, kimenyooka, wakati sisi, ambao ulimi wetu hauna p, tulikuwa tunasema "biga bira" na kuona tumemaliza. Alikunywa chai ya tangawizi mchana kutwa. Asubuhi anaulizia mahamri, Garissa, wakati wa vita! Tukamwita Mswahili. Alikasirika, kisha akatuzungusha uwanja mara kumi na tano.

Jambo moja lilimwaibisha kabisa: ngamia hawakumpenda. Mtu wa kwetu, wa ukoo wa wafugaji, akikaribia zizi ngamia wananyanyua vichwa na kuanza kusogea. Mama yangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Wananusa bahari kwako," anamwambia. Naye Kocha, aliyekuwa akituunguza kwa ulimi kutwa nzima, mbele ya mama alikuwa mpole kama bwana harusi mpya. Alimwita Dada. Kila Ijumaa alipita kumjulia hali, akakataa maziwa, akaomba chai. Tumbo lake, alisema, limesahau maziwa ya ngamia kwa miaka kumi ya Mombasa, na kulikumbusha ni kazi ya siku tatu.

Sifa alikuwa hatoi. Ukifunga bao zuri la kuwafanya watu warushe vilemba, yeye anakuuliza kwa nini hukumpa mwenzako. Ukikosea anacheka. Hilo lilituchanganya sana: mabao yanamnunisha, makosa yanamfurahisha. Siku moja mlinda lango wetu aliushika mpira vizuri, akautua chini ili ajipanguse mchanga usoni, mpira ukabingirika wenyewe ukaingia golini. Kocha alilala chali kwa kicheko. Halafu akaamka akamfundisha yule kijana, peke yake, wiki nzima, na kijana yule hakuachia tena mpira maishani, hata ukimwomba. Alikuwa pia mtu wa kuchelewa: harusi, mazishi, hata swala ya Idi alikuta watu wamekwisha kushikana mikono. Mazoezini tu ndiko hakuchelewa.

Sasa niwaambie habari ya Thika, kwa sababu bila hiyo hamtamjua.

Tulikuwa na hamu moja sote: kuvuka mto Tana tukacheze mpira. Kwetu watu husema hivyo hata leo, ukivuka mto umekwenda Kenya. Wakati ule kijana wa Kisomali hakuvuka bila kibali, na kibali hakikupatikana hata kwa kwenda hospitali. Basi Thika palitangazwa mashindano, na Kocha akaenda kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, siku nne mfululizo, kila siku saa ileile, mpaka DC akachoka naye. Akamwambia: chezeni na timu ya wanajeshi wa kambini. Mkiwafunga, vijana wako watavuka. Mkifungwa, sitaki kukuona tena, na mambo ya mpira mjini yaishe.

Tulikuwa tumeshikwa pabaya. Wanajeshi walikuwa wakubwa, wamekula nyama, wana viatu. Kipindi cha kwanza wakatufunga bao moja, na kusema kweli ilipaswa kuwa matatu. Watu wa mjini walikuja wengi, kwa kibali, na bunduki zilizunguka uwanja pande zote nne.

Mapumziko, Kocha alitukusanya upande wetu na birika lake la chai, kwa sababu hakuruhusu mchezaji wake kunywa kitu kingine. Wale wanajeshi walikuwa wamekaa juani, ndimi nje, wanasubiri maji ya mtoni yaletwe. Hapo mama yangu akafanya alichofanya.

Lazima mjue kwamba wiki mbili kabla, katika msako, ngamia wake watano walikuwa wamechukuliwa. Alibaki na mmoja. Na mjini kila mtu alijua hivyo. Lakini mama hakuweza kumtazama mtu mwenye kiu akinywa maji ya matope wakati kwake kuna maziwa. Alivyolelewa, hiyo ni aibu ya kukufuata kaburini, hata kama mwenye kiu ndiye aliyekuchukulia ngamia. Akaja na kibuyu chake kikubwa, kimefukizwa vizuri kwa moshi, maziwa ya mchana uleule bado yana povu. Akawapa kikombe kikombe. Wakanywa, wakashukuru, wakaongeza.

Maziwa mabichi ya ngamia kwa tumbo lisiloyazoea! Mama hakujua. Angejuaje? Sisi tunampa hata mtoto mchanga.

Dakika ya ishirini ya kipindi cha pili, beki wao wa kati aliacha mpira ukampita, akasimama wima, akakimbilia vichakani. Tukafunga. Akafuata winga. Tukafunga. Mlinda lango wao alikuwa amejikunja, mkono mmoja tumboni, mwingine unatuomba tungoje, na mshambuliaji wetu wa kati, yule niliyekuwa namsikia sifa zake tu, akafunga la tatu akaomba radhi. Watu wa mjini walikuwa wanaangua kicheko. Kisha wanajeshi saba wakawa chini au vichakani, mmoja anatapika, na kicheko kikakatika ghafla, maana kila mtu alifikiri jambo moja kwa pamoja.

Sumu.

Kapteni wao alikuwa mtu mrefu, mpole hadi dakika ile. Akapaza sauti: hakuna mtu kutoka hapa! Bunduki zikashuka mabegani. Akainua kikombe kitupu, akanusa. "Hii harufu ya moshi ni ya nini? Ni dawa gani hii? Na nyinyi," akatugeukia, "mbona hamkunywa hata mmoja?" Tungemwambia nini? Kwamba Kocha wetu anapenda chai? "Nani ameleta haya maziwa?"

Mama yangu alikuwa amesimama palepale, kibuyu mkononi. "Ni maziwa ya ngamia beke yake, afande," alisema. "Nimekamua mimi." Kisha akanyamaza, na hakuteremsha macho. Askari wawili walikwisha kuanza kumwendea.

Kocha akawatangulia. Alichechemea katikati ya uwanja, bila haraka, kama anayekwenda kumtoa mchezaji. Akamwambia mama, "Nipe, Dada." Akakichukua kibuyu. Kilikuwa bado na kiasi cha robo. Akakiinua akanywa. Tuliona koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, tukadhani atashusha, hakushusha. Alikunywa mpaka akakigeuza juu chini na kukikung'uta, lisitoke hata tone. Akajifuta mdomo. "Sasa tungoje, afande," akasema.

Tukangoja saa nzima. Mji wote umekaa chini mchangani, na Kocha na kapteni wamekaa pale katikati ya uwanja wakitazamana. Halafu kapteni akamwuliza goti lile lina nini. Kocha akamjibu kwa neno moja, jina la timu ya Mombasa. Kapteni akamkodolea macho. Kumbe alikuwa amewahi kumwona akicheza! Wakaanza kuzungumza, halafu wakaanza kubishana, kapteni anachora mchangani kwa kidole, Kocha anafuta. Tumbo la Kocha lilikuwa linanguruma tukalisikia sisi wa pembeni, jasho linamtiririka, lakini alikaa wima. Mmoja mmoja wanajeshi wakaanza kurudi kutoka vichakani, wamelegea, wanacheka kwa aibu. Jua lilipoanza kuinama kapteni akasimama, akamrudishia mama kibuyu chake kwa mikono miwili, akasema, "Samahani, mama." Wallahi nililia mbele za watu.

DC alikuwepo. Akasema haya, matatu kwa moja, kibali kipo. Tulikuwa tumekwisha kubebana mabegani. Ndipo Kocha akaharibu kila kitu. "Hapana, Bwana DC," akasema. "Mechi hii haihesabiki. Turudie Jumamosi." Kisha akaondoka mbio, na safari hii sote tulijua anakimbilia wapi.

Sikusema naye siku sita. Wenzangu nao hawakusema naye. Tumeshinda, Thika ile pale, na mwendawazimu mmoja anaitupa mtoni! Mazoezini alipiga makofi, tukaingia wanne wanne tumenuna, tukatoka tumenuna. Yeye alikuwa na furaha ya ajabu wiki ile. Aliimba nyimbo za Mombasa. Alinisifu! Mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema nimeurusha vizuri mpira wa pembeni. Nikazidi kumchukia.

Jumamosi wanajeshi walikuja na chupa zao za maji. Tulicheza kufa na kupona. Kwa hasira tuliyokuwa nayo kwa Kocha tungeweza kufunga timu ya malaika. Pasi fupi, pasi fupi, ondoka, rudi. Wale wanajeshi walizungushwa mpaka mmoja akaketi. Mbili kwa moja, la pili lilitoka kwenye mpira wangu wa kurusha, na kapteni alipiga makofi kuliko watu wetu wote.

Tulivuka Tana kwenye lori la mbuzi. Lori lilipofika upande wa pili mlinda lango wetu aliomba lisimame, akashuka, akakanyaga chini mara mbili, akapanda. "Mchanga uleule," akatutangazia. Thika tulifungwa tatu kwa mbili na mvua, maana ule haukuwa mpira, ilikuwa mvua, hatujawahi kucheza juu ya kitu kinachoteleza. Tulirudi tunaimba kama tuliochukua kombe. Huko ndiko watu wa Nairobi walikomwona Kocha, na vita vilipokwisha wakamwita. Yaliyofuata mnayajua, au wazazi wenu wanayajua: vikombe, picha magazetini, vijana wake waliocheza hadi nchi za nje. Aliwaita waryaa hao wote, na wenye majina ya Kiluo na wenye majina ya Kikamba.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa baada ya mama kufariki. Alikuwa amerudi kuishi Garissa, mzee kabisa, na goti halikumruhusu kuja msibani, basi nikaenda mimi kwake ili asione vibaya. Nilimkuta baada ya swala ya alasiri amekaa sebuleni, tuktuk zinapiga kelele nje, redio inatangaza mpira naye anaigombeza. Akaizima. Akamwombea mama kwa muda mrefu. Tukanywa chai.

Tukaanza kucheka habari za kibuyu, kama tulivyocheka miaka yote. Nikamwuliza, kwa mzaha tu, nikimwita ami kwa Kisomali, "Lakini Adeer, kuonyesha kwamba ni maziwa, si funda moja lingetosha? Kwa nini ulikausha kibuyu mpaka tone la mwisho, na tumbo lile lako?"

Aliacha kucheka.

"Ulifikiri nilijua ni maziwa?"

Nikaweka kikombe chini.

"Ngamia watano wamechukuliwa," akasema. "Wanajeshi saba wako chini. Mama yako amesimama tu, haapi wala hajitetei. Mimi ningejuaje? Sikujua, waryaa. Nilikimaliza ili wasipate cha kupeleka kupima."

Miaka yote ile nilikuwa nimeisimulia hadithi hiyo harusini na mazishini, na watu wakavunjika mbavu, na nilikuwa siijui. Nilimshika mkono. Nikaubusu, na yeye akanivuta sikio kama tulivyokuwa mazoezini.

"Ile saa moja pale katikati," akasema, "nilikuwa nahesabu pumzi. Kapteni anachora mchangani, mimi natoa shahada kimoyomoyo. Tumbo likauma, nikasema haya, ndiyo hii. Kumbe ni maziwa! Maziwa tu, ya Dada yangu!" Sasa alikuwa anacheka tena, machozi yanamtoka, anapiga lile goti lake bovu. "Nyinyi mkanuna eti nimetaka mechi irudiwe. Waryaa, nilikuwa nimekwisha kufa, nikapewa Jumamosi nyingine. Ulitaka niifanyie nini?"